Handaki la Maji Lina Mwenyewe

Nikiwasimulia wenzangu wa matembezi ya milimani kwamba nimepita ndani ya handaki la maji, wengi huuliza urefu wake, kisha huuliza kama kuna popo. Mimi siku hizi swali langu la kwanza ni jingine: maji haya yanafunguliwa na nani, na mtu huyo yuko wapi sasa hivi? Urefu unachosha miguu tu. Popo hawana haja na wewe. Lakini handaki la kuhamisha maji ni mtambo unaofanya kazi, hata kama lilichimbwa miaka mia iliyopita na kuta zake zimefunikwa na kuvumwani. Anayeshika gurudumu la lango lake huenda yuko kilomita kadhaa kutoka ulipo, na hana habari kwamba umo ndani.

Nilianzia Madeira, kisiwa cha Ureno kilichoko kwenye bahari ya Atlantiki, ambako mambo haya ni ya kila siku. Upepo wa kaskazini mashariki husukuma mawingu hadi yagonge milima, mvua ikamwagika upande wa kaskazini, ilhali miwa na migomba iko kusini kwenye jua. Tangu karne ya 15 watu wa kisiwa hicho wamekuwa wakichonga mifereji, wao huiita levada, kandokando ya magenge ili kuyaleta maji upande wa pili. Pale mlima ulipokataa kuzungukwa, wakautoboa. Ubavuni mwa mfereji wakaacha kijia, na kijia hicho hakikuwekwa kwa ajili ya mgeni mwenye kamera. Ni cha levadeiro, mtunza mfereji, anayepita kuondoa majani na mawe na kumfungulia kila mkulima maji kwa saa alizopangiwa. Ukishalijua hilo, huulizi tena kwa nini dari iko chini kiasi kile, au kwa nini ndani hamna taa. Njia ilikuwa ya mtu mmoja, mwenye taa yake, anayeijua kila hatua.

Kwenye njia ya Caldeirão Verde, inayoanzia msitu wa Queimadas na kuishia kwenye maporomoko yenye urefu wa karibu mita 100, tulimkuta mmoja wao nje ya handaki. Mtu wa makamo, buti za mpira, reki mkononi, anavuta majani yaliyojazana kwenye wavu wa chuma. Kiongozi wetu akatutafsiria. Nilimuuliza kama mvua itanyesha. Hakutazama juu. Alinyoosha reki kuelekea mabega ya mlima, mbali kabisa, akasema kule ndiko kwa kuangalia, hapa pakiwa na jua si hoja. Kisha akachota maji kwa kiganja akatuonyesha. Yalikuwa safi, mistari ya kiganja inaonekana yote. Yakigeuka rangi ya udongo, akasema, toka kwanza, sababu utaijua ukiwa nje.

Tangu hapo nasoma maji kabla ya kusoma ramani, na ukuta wa handaki husema mengi kwa anayeuangalia. Kuna mstari ambapo rangi ya mwamba inabadilika: chini yake pametakata kwa kusuguliwa na mchanga, juu yake pana vumbi na utando wa buibui. Hapo ndipo maji hufika kwa kawaida. Mstari ukiwa usawa wa goti, sawa, tuendelee kuzungumza. Ukiwa usawa wa kifua, nataka kujua ni lini yalifika hapo. Na ukiona majani makavu au vijiti vimenasa kwenye nyufa za dari, juu ya kichwa chako, basi handaki hilo hujaa pomoni, na swali lililobaki ni saa tu.

Safari nyingine, baada ya usiku wa mvua, tulifika mdomoni mwa handaki tukakuta kijia kimezama. Si sana, maji ya kifundo cha mguu. Dada mmoja wa kundi letu, mtembeaji hodari kunishinda, akasema, "Kaka, tumetoka mbali jamani. Maji haya hata mtoto anapita."

"Dada yangu, mtoto atapita hapa mdomoni. Kule katikati yako wapi?"

Nikaokota jani nikaliangusha kwenye mkondo. Lilituacha kabla sijamaliza kuinuka. Maji yaendayo kasi, hata yakiwa na kina cha sentimita 15 tu, yanatosha kumwangusha mtu mzima. Tena kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kukusukuma huwa mara nne, kwa hiyo anayepima hatari kwa kina peke yake amepima nusu. Kulikuwa na jambo jingine lililonisumbua zaidi. Maji yalikuwa yamechafuka, na mpaka kati ya kijia na mfereji haukuonekana tena. Upande mmoja una sakafu, upande wa pili una shimo refu lenye mkondo, na juu yake kioo kimoja cha maji ya kahawia. Gizani, umeinama, unapapasa ukuta, mguu mmoja ukikosea umeingia kwenye mfereji, na huko mbele mfereji unaweza kuwa unapita chini ya wavu au chini ya mwamba ambapo mwili wa mtu haupiti.

Tukageuza. Dada alininunia hadi jioni, na sikuwa na ushahidi wa kumpa. Hilo ndilo gumu la uamuzi wa namna hii: ukiwa sahihi, hakuna kinachotokea, na aliyetaka kuendelea anabaki na hoja yake ileile.

Levada angalau ina kijia. Kuna mahandaki mengine ambamo sakafu yote, ukuta hadi ukuta, ni njia ya maji, na unaweza kuingia tu pale yanapokuwa yamefungwa. Nimewahi kuingia la namna hiyo pamoja na mafundi waliokuwa wanakwenda kulikagua. Sitalitaja jina, kwa sababu halijafunguliwa kwa umma na sitaki mtu aende kutikisa kufuli lake. Nilichokiona siku hiyo kabla hata ya kuingia kilinifundisha kuliko yote niliyoyaona ndani.

Kwanza, lango la maji lilifungwa, kisha gurudumu lake likatiwa mnyororo na kufuli. Kila aliyekuwa anaingia alitundika kufuli lake mwenyewe juu ya mnyororo huohuo na kutia ufunguo mfukoni. Maana yake gurudumu haliwezi kuzunguka mpaka mtu wa mwisho atoke na kufungua la kwake. Hapakuwa na cha "nimemwambia fulani asifungue." Mtu husahau, mtu hubadilishana zamu, simu huisha chaji, lakini kufuli halina zamu. Pembeni palikuwa na kibao chenye misumari, kila mtu akatundika kibati chenye jina lake. Kibati kikiwa msumarini uko ndani, ukitoka unakiondoa. Nami nilipewa cha kwangu, kimeandikwa "Mgeni", na msimamizi akanitazama hadi nilipokitundika. Aliniuliza pia tutatoka saa ngapi, akaiandika, kisha akaandika saa ambayo wa nje wataanza kututafuta bila kusubiri kupigiwa simu.

Nilidhani sasa maji yote yamezuiwa. Fundi mmoja akacheka. Handaki, akanieleza, halinywi maji kwenye mdomo wa juu tu. Likipita chini ya vijito hutobolewa matundu ubavuni na darini ili nayo maji ya vijito hivyo yaingie, na mengi ya matundu hayo hayana lango. Mvua kubwa ikinyesha juu yenu, lango kuu limefungwa kwa kufuli kumi, handaki bado litajaa. Tulipofika kwenye tundu mojawapo niliangaza tochi: bomba la mwamba limepanda juu, linatiririka maji membamba kama uzi, na chini yake pana rundo la changarawe mpya lililofika magotini. Changarawe ile haikuletwa na uzi wa maji. Niliitazama kwa muda mrefu.

Akanionyesha kwenye mchoro na sehemu ambayo hawaingii kabisa, ambapo njia ya maji inashuka chini ya bonde na kupanda tena upande wa pili, ile wanayoiita saifoni. Sehemu hiyo hubaki imejaa maji hata handaki lote likiwa kavu, na ukiteleza kuingia hakuna hewa mpaka ng'ambo. Kwenye ramani za matembezi huoni kitu. Unaona mstari mmoja wa bluu wenye vitone, umenyooka, unavutia.

Hewa nayo ni habari ndefu. Handaki lililo wazi pande zote mbili kwa kawaida lina upepo, na ukiusikia shingoni ni dalili njema. Handaki lililoporomoka katikati, au vile vihandaki vya pembeni vilivyotumika kutolea kifusi enzi za uchimbaji, halina upepo, na humo ndimo ninapokataa kuingia hata hatua chache za kupiga picha. Majani yanayooza kwenye maji yaliyotuama hula oksijeni na kutoa kabonidioksaidi, ambayo ni nzito kuliko hewa na hukaa chini. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Vipimo vya mafundi hupiga kelele ikishuka chini ya 19.5. Kuna pia gesi ya haidrojeni salfaidi yenye harufu ya yai viza. Ubaya wake ni kwamba ikizidi, ikifika kama sehemu 100 kwa milioni, pua huacha kuinusa. Harufu ikipotea, usishukuru. Wengine bado hubeba mshumaa unaowaka kama kipimo cha hewa. Mshumaa haujui gesi ya sumu, na penye methani, gesi inayowaka na kulipuka, mshumaa wenyewe ndio kiberiti.

Anayedhani methani ni ya migodi ya makaa tu namwambia habari ya Abbeystead, huko Lancashire, Uingereza. Tarehe 23 Mei 1984, watu 44 walikusanyika kwenye jumba la vali la mradi unaohamisha maji kutoka mto Lune kwenda mto Wyre kwa handaki. Wengi walikuwa wanakijiji wa upande wa chini waliokuwa na wasiwasi kwamba mradi ule unawaongezea mafuriko, wakaalikwa waje wajionee. Pampu zilikuwa hazijafanya kazi kwa siku 17. Katika muda huo methani kutoka kwenye miamba iliyo chini sana ilipenya hadi ndani ya handaki na kujikusanya mahali palipobaki bila maji. Pampu zilipowashwa, maji yaliisukuma ile gesi mbele yake hadi ndani ya jumba, ikalipuka. Walikufa watu 16. Hawakuwa wamevunja kufuli la mtu. Walialikwa na wenyewe, wakiwa na wataalamu, kwenye mtambo ambao haukuwa umezeeka hata kidogo. Ndiyo maana mtu akiniambia "handaki hilo limekauka, halitumiki, pita tu," mimi ndipo ninapoanza kuuliza maswali. Handaki tupu halina maji, lakini lina kitu kingine kilichochukua nafasi yake.

Vifaa sitavichambua sana. Tochi ya kichwa, na nyingine ya akiba iliyo tayari mfukoni, si betri za kubadilisha huku umesimama gizani kwenye maji. Tochi ya simu haifai, kwa sababu inakula mkono mmoja na mikono yote miwili unaihitaji ukutani. Kofia ngumu: nimeona watu warefu wakitoka na damu kwenye paji la uso na bado wakisema kofia ni za mafundi. Viatu vya soli inayoshika mwamba uliolowa. Nguo ya kubadilisha, maana maji hunyonya joto la mwili haraka mno kuliko hewa, na aliyelowa ndani ya handaki hutetemeka hata kama nje ni kiangazi.

Jambo linalosahaulika ni watu wengine. Kwenye kijia chenye upana wa kiatu na nusu, kundi likikutana na kundi katikati ya handaki, mmoja lazima arudi nyuma au apitishe mguu juu ya mfereji. Siku hizi tunasimama mdomoni tunasikiliza na kutazama. Tukiona taa inacheza ndani, tunangoja. Na ukikutana na mtu, inamisha tochi yako au ifunike kwa kiganja. Macho huchukua kama nusu saa kuzoea giza totoro, na mwanga mmoja wa ghafla huyarudisha mwanzo. Yule uliyempofusha ndiye atakayekanyaga hewa, si wewe. Mwenye hofu ya mahali finyu asiwekwe nyuma kabisa wala katikati ya msongamano. Sisi tunamweka wa pili, nyuma ya kiongozi, na tunakubaliana kabla ya kuingia kwamba akisema basi, kundi zima linarudi bila mjadala wala mizaha.

Sasa suala la ruhusa, ambalo wapanda milima hulichukulia kama kero ya makarani. Madeira njia rasmi zina namba, ile ya Caldeirão Verde ni PR 9, na mamlaka huzifungua na kuzifunga. Baada ya moto mkubwa wa Agosti 2024 njia kadhaa zilifungwa. Nilisikia wageni wakilalamika kwamba moto umeshazimwa, kwa nini bado kuna kizuizi? Kwa sababu mizizi iliyokuwa inashika mawe imeungua, na mawe hayajui kwamba moto umezimwa.

Hawaii mambo ni magumu zaidi. Mifereji ya mashariki ya kisiwa cha Maui ilianza kuchimbwa miaka ya 1870 kupeleka maji kwenye mashamba ya miwa. Mtandao wake una urefu wa kilomita kama 120, na sehemu kubwa ni mahandaki. Miwa yenyewe ilivunwa kwa mara ya mwisho mwaka 2016, lakini maji bado yanakwenda. Mtu anayeona shamba lililokufa hudhani na handaki limekufa. Mfereji wa Kohala, kwenye kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Hawaii, ulikamilika mwaka 1906 kwa jasho la vibarua wengi wao Wajapani, na baadhi yao walifia humo. Tarehe 15 Oktoba 2006 tetemeko la ukubwa wa 6.7 liliuharibu hadi maji yakakatika. Mwamba uliotikiswa namna hiyo hauonekani tofauti kwa anayepita na tochi. Aliyeukagua ndiye anayejua, na aliyeukagua ndiye huyohuyo mwenye kufuli.

Kwa hiyo sioni tena kwamba kibali ni kitu kimoja na usalama ni kitu kingine. Nikipiga simu kuomba ruhusa, naomba habari: maji yanafunguliwa siku zipi, nani ana zamu, wapi pameporomoka, matundu ya ubavuni yako wapi. Mara nyingi jibu huwa hapana, na hapana hiyo nayo ni habari. Wakati mwingine hujibiwa kwamba hatuwezi kukuruhusu lakini watu hupita tu. Hilo ndilo jibu baya kuliko yote, kwa sababu maana yake hakuna atakayejua umo ndani siku wanapofungulia. Na anayeruka uzio huwafungia wenzake mlango kweli, si kwa nadharia tu: mwenye mali akihofia kushtakiwa, hubadilisha mnyororo kwa nondo, na kijiji kizima kinachopita hapo kwenda mashambani kinazunguka mlima.

Ukishatoka bado hujamaliza. Maji ya handaki hupitiwa na panya na nguruwe pori huko juu, na mkojo wao hubeba vimelea vya leptospirosisi, ile homa ya mgunda, vinavyoingia kupitia michubuko, macho na mdomo. Usiyanywe hata yakionekana safi kama ya chemchemi. Funika vidonda kabla ya kuingia, oga kwa sabuni ukitoka. Dalili huchelewa, mara nyingi wiki moja au mbili, hata mwezi: homa, kichwa, misuli ya miguu inauma, macho mekundu. Mwenzetu mmoja alipoumwa hivyo alieleza zahanati kwamba ana mafua ya safari. Tulimrudisha akaseme na habari ya handaki, siku gani aliingia na maji yalimfika wapi, na daktari akabadilisha vipimo alivyokuwa ameviagiza.